Mabishano kuhusu ukubwa wa magazini za bunduki nchini Marekani

Mabishano kuhusu ukubwa wa magazini za bunduki nchini Marekani ni mvutano wa kisiasa na kisheria juu ya idadi ya risasi ambazo raia anaruhusiwa kuwa nazo ndani ya silaha yake kabla hajalazimika kuijaza upya. Kufikia mwaka 2025 majimbo 14 pamoja na jiji la Washington, D.C. yalikuwa yamepitisha sheria za kuweka kikomo, na mara nyingi kikomo hicho ni risasi 10. Wanaotetea sheria hizo husema zinapunguza idadi ya watu wanaouawa katika mashambulizi ya halaiki. Wamiliki wengi wa silaha huzipinga, na sababu zao si moja: wengine wanahofia usalama wa nyumba zao, wengine mali waliyokwisha kuinunua kihalali, na wengine hofu yao ni kwamba namba ikishawekwa itaendelea kushuka.

Kwa msomaji wa Afrika ya Mashariki mabishano haya yanaweza kuonekana ya ajabu, kwa sababu nchini Kenya na Tanzania silaha humilikiwa kwa leseni ambayo mamlaka inaweza kuinyima au kuifuta. Marekani ni tofauti. Marekebisho ya Pili ya Katiba yake, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanataja haki ya watu ya kuwa na silaha na kuzibeba. Kwa hiyo kila kikomo huishia mahakamani, na serikali ndiyo inayotakiwa kueleza kwa nini imekiweka.

Magazini na kazi yake

Magazini ni kikasha cha chuma au plastiki kinachoshika risasi na kuzisukuma juu kwa springi, moja baada ya nyingine, ili ziingie kwenye chemba ya silaha. Katika bastola nyingi za kisasa magazini huingizwa ndani ya mpini. Katika bunduki ndefu huchomekwa chini, mbele ya triga. Silaha ya nusu-otomatiki hufyatua risasi moja kila triga inapovutwa na hujipakia yenyewe risasi inayofuata mpaka magazini iishe. Baada ya hapo mtumiaji huitoa na kuchomeka nyingine. Mtu aliyezoea hufanya hivyo kwa sekunde chache tu, na asiyezoea au mwenye hofu huchukua muda zaidi. Sehemu kubwa ya mabishano yote ni juu ya sekunde hizo.

Kinachoitwa "magazini kubwa" hutegemea anayezungumza. Sheria nyingi huita hivyo kila magazini inayoshika risasi zaidi ya 10. Lakini bastola ya Glock 17 hutoka kiwandani na magazini ya risasi 17, Glock 19 na ya risasi 15, na bunduki za aina ya AR-15 kwa kawaida huuzwa na ya risasi 30. Ndiyo maana wamiliki hukataa neno "kubwa" na kusema hizo ni magazini za kawaida. Hoja yao ina uzito kwa bastola hizo, lakini haiwezi kusemwa kwa ngoma za risasi 100, ambazo si vifaa vya kawaida kwa silaha yoyote ya mkononi.

Sheria za mwanzo

New Jersey iliweka kikomo cha risasi 15 mwaka 1990. Kwa nchi nzima, kikomo kilikuja tarehe 13 Septemba 1994, Rais Bill Clinton alipotia saini sheria kubwa ya kupambana na uhalifu. Sheria hiyo ilipiga marufuku kuwatengenezea na kuwauzia raia magazini mpya za zaidi ya risasi 10. Zile zilizotengenezwa kabla ya siku hiyo ziliruhusiwa kubaki mikononi mwa watu, kuuzwa na kununuliwa.

Nafuu hiyo ilipunguza nguvu ya sheria. Mamilioni ya magazini za zamani yalikuwa tayari sokoni, na mengine yaliendelea kuingizwa kutoka nje kwa kuwa yalitengenezwa kabla ya 1994. Bei ilipanda, lakini aliyeitaka aliipata. Sheria yenyewe ilikuwa na kipengele cha kujifuta baada ya miaka 10, na Kongresi haikuiongezea muda; ilikufa tarehe 13 Septemba 2004. Mwaka huohuo mtafiti Christopher Koper na wenzake, walioichunguza kwa ajili ya Wizara ya Sheria, waliandika kwamba hata ikiendelezwa, athari yake kwa vifo vya bunduki ingekuwa ndogo na pengine ngumu kupimika. Walieleza pia kwamba wingi wa magazini za zamani ulichelewesha matokeo yoyote. Wapinzani hunukuu sehemu ya kwanza, watetezi hunukuu ya pili.

Baada ya 2004 suala lilirudi kwa majimbo. Mauaji ya Shule ya Msingi ya Sandy Hook mjini Newtown, Connecticut, tarehe 14 Desemba 2012, ambapo watoto 20 na watu wazima 6 waliuawa shuleni hapo, yalisababisha wimbi la sheria mpya mwaka 2013 katika New York, Connecticut, Maryland na Colorado. Wimbi la pili lilikuja kati ya 2018 na 2023: Vermont, Washington, Rhode Island, Delaware, Oregon na Illinois.

Hofu ya kwanza: kujilinda

Hoja inayosikika zaidi ni ya mtu aliyeamshwa usiku na kelele za mlango kuvunjwa. Mtu huyo, wanasema wamiliki, hana mkanda wa magazini za akiba kiunoni kama askari. Ana ile iliyomo ndani ya bastola, basi. Huenda wavamizi ni zaidi ya mmoja. Huenda mikono inatetemeka na giza limetanda, na hata polisi waliofunzwa hukosa shabaha mara nyingi katika mapambano halisi. Kwa mzee, au mtu mwenye mkono mmoja, kubadilisha magazini katika hali hiyo ni karibu na muhali. Tena mshambuliaji huchagua siku na saa, kwa hiyo anaweza kuja na magazini kumi, anayeshambuliwa hakujiandaa.

Serikali ya California ilijibu mahakamani kwa takwimu. Mtaalamu wake alipitia visa vya kujilinda vilivyokusanywa na Chama cha Kitaifa cha Bunduki (NRA) chenyewe, na akakuta kwamba wastani wa risasi zilizofyatuliwa ulikuwa chini ya tatu. Visa vya mtu kuhitaji zaidi ya 10 vilikuwa adimu sana. Wamiliki hawapingi sana wastani huo. Wanachosema ni kwamba mtu hanunui kizima moto kwa sababu nyumba huungua kila wiki.

Jambo linalowaudhi zaidi ni msamaha wa polisi. Karibu sheria zote huwaruhusu polisi kubeba magazini kubwa, na baadhi huwaruhusu hata polisi wastaafu. Kama risasi 10 zinatosha kujilinda dhidi ya jambazi, huuliza wamiliki, kwa nini hazimtoshi polisi anayekabiliana na jambazi yuleyule? Jibu la kawaida ni kwamba polisi hutumwa kumfuata mhalifu, wakati raia anaweza kujificha na kuita msaada. Jibu hilo ni zuri zaidi mjini kuliko kwenye kaunti za mashambani, ambako gari la polisi linaweza kuwa mbali kwa muda mrefu.

Hofu ya pili: mali iliyokwisha kununuliwa

Sheria ya 1994 iligusa magazini mpya tu. Baadhi ya sheria za karibuni zinakwenda mbali zaidi na kukataza hata kumiliki, na hapo ndipo upinzani huwa mkali kabisa. Mwaka 2016 wapiga kura wa California waliidhinisha Pendekezo la 63, lililomtaka kila mwenye magazini ya zaidi ya risasi 10 aitoe nje ya jimbo, amuuzie mfanyabiashara mwenye leseni, aiharibu au aikabidhi kwa polisi. New Jersey ilifanya jambo linalofanana mwaka 2018, na Rhode Island mwaka 2022 iliwapa wamiliki siku 180 kuchagua. Connecticut ilikuwa na nafuu: aliyekuwa nazo kabla ya sheria ya 2013 angeweza kubaki nazo kama angeziandikisha kabla ya tarehe 1 Januari 2014.

Hakuna fidia katika sheria hizo. Wamiliki hudai kwamba kulazimishwa kutoa kitu kilichonunuliwa kihalali dukani ni sawa na serikali kutwaa mali bila malipo, jambo linalokatazwa na Marekebisho ya Tano ya Katiba. Mahakama za rufaa zimeikataa hoja hiyo, zikisema mmiliki bado ana njia nyingine, kama kuiuza au kuibadilisha ishike risasi chache. Kwa mtu mwenye magazini tatu, hasara ni ya fedha kidogo. Kinachouma ni kitu kingine: mtu ambaye hajawahi kuvunja sheria anaamka siku moja akiwa mkosaji kwa kifaa kilichokaa kabatini miaka ishirini, na pengine alikwisha kukisahau.

Mipaka ya majimbo huongeza tatizo. Pennsylvania haina kikomo, jirani yake New Jersey inacho. Mtu akivuka daraja la Mto Delaware na bastola yake ya Glock 17 ikiwa na magazini iliyokuja nayo kutoka kiwandani, anaingia kwenye kosa la jinai bila kubadilisha chochote isipokuwa ukingo wa mto.

Ugumu mwingine ni wa ushahidi. Magazini nyingi hazina namba ya usajili. Ni vigumu kwa polisi kuthibitisha kwamba fulani aliinunua baada ya tarehe ya katazo, na ni vigumu vilevile kwa mwenye nayo kuthibitisha kwamba aliinunua kabla. Kila upande una sababu ya kulalamika hapo.

Maneno ya sheria: kisa cha Colorado

Colorado inaonyesha jinsi sentensi moja iliyoandikwa vibaya inavyoweza kuwasha moto. Tarehe 20 Julai 2012 mtu mmoja aliwaua watu 12 ndani ya jumba la sinema mjini Aurora, akiwa na bunduki yenye ngoma ya risasi 100, ambayo ilikwama katikati ya shambulio. Machi 2013 gavana John Hickenlooper alitia saini sheria ya kukataza kuuza magazini mpya za zaidi ya risasi 15, kuanzia tarehe 1 Julai.

Namba 15 ilikuwa ya kadiri. Shida ilikuwa kwamba sheria ilihesabu pia magazini "iliyoundwa" ili iweze kubadilishwa kwa urahisi ishike risasi zaidi. Magazini nyingi zina kifuniko cha chini kinachotoka, ili springi iweze kusafishwa, na mahali pa kifuniko hicho panaweza kufungwa kirefusho. Kwa usomaji mkali, basi, karibu kila magazini ingekuwa haramu, hata ya risasi 10. Ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo ililazimika kutoa mwongozo kwamba kuwa na kifuniko kinachotoka peke yake hakuifanyi magazini kuwa haramu. Lakini mwongozo si sheria, na wamiliki waliuliza mwanasheria mkuu atakayefuata atasoma vipi.

Masherifu 55 kati ya 62 wanaochaguliwa na wananchi walikwenda mahakamani kupinga sheria. Kampuni ya Magpul, iliyokuwa ikitengeneza magazini za plastiki katika jimbo hilo, ilihamishia shughuli zake Wyoming na Texas. Tarehe 10 Septemba 2013 wapiga kura waliwaondoa madarakani maseneta wawili wa jimbo waliounga mkono sheria: John Morse wa Colorado Springs, aliyekuwa rais wa seneti hiyo, kwa tofauti ndogo ya kura, na Angela Giron wa Pueblo kwa tofauti kubwa. Seneta wa tatu, Evie Hudak, alijiuzulu kabla ya kura kama hiyo kumfikia. Hata hivyo sheria yenyewe haikufutwa, na mwaka 2020 Mahakama Kuu ya jimbo iliamua kwamba haikiuki katiba ya Colorado.

Hofu ya tatu: namba inayoshuka

Watetezi wa sheria mara nyingi huiita hofu hii ya kufikirika. Historia haiwaungi mkono sana. Maryland ilikuwa na kikomo cha risasi 20, ikashusha hadi 10 mwaka 2013. New Jersey ilitoka 15 hadi 10. New York, iliyokuwa na kikomo cha 10, iliamua Januari 2013 kwamba magazini hiyo ya 10 isijazwe zaidi ya risasi 7. Jaji wa mahakama ya shirikisho alifuta sharti hilo la 7 mwishoni mwa mwaka huo, na mahakama ya rufaa ikakubaliana naye mwaka 2015, kwa kuwa namba hiyo haikuwa na msingi ulioelezwa. Colorado nayo, mwaka 2025, ilipitisha sheria inayotaka mafunzo na kibali kwa mtu anayenunua aina nyingi za bunduki zenye magazini za kutoa na kuchomeka, kuanzia Agosti 2026.

Kushuka kwa namba hakuthibitishi kwamba lengo ni kunyang'anya bunduki zote, kama baadhi ya vyama vinavyodai. Kunaonyesha tu kwamba 10 si namba iliyotokana na kipimo fulani. Ilichaguliwa, na kinachochaguliwa kinaweza kuchaguliwa upya.

Hoja ya sekunde

Upande wa pili una kisa ambacho wapinzani hawajakijibu kikamilifu. Tarehe 8 Januari 2011, nje ya duka mjini Tucson, Arizona, mtu mmoja alimpiga risasi mbunge Gabrielle Giffords na kuwafyatulia watu waliokuja kumsikiliza. Bastola yake ilikuwa na magazini ya risasi 33. Watu 6 walikufa, mmoja wao msichana wa miaka 9. Zilipokwisha risasi akajaribu kubadilisha magazini, na hapo watu waliokuwa karibu walimrukia na kumwangusha. Giffords alipona akiwa na majeraha ya kudumu na akawa mtetezi mkubwa wa sheria hizi. Swali la upande wake ni rahisi: kama angelazimika kusimama baada ya risasi ya 10 badala ya ya 33, nani angekuwa hai?

Kisa cha Dayton, Ohio, cha Agosti 2019 kinafanana kwa upande wa kasi. Polisi walimuua mshambuliaji ndani ya takriban nusu dakika, lakini akiwa na ngoma ya risasi 100 alikuwa amekwisha kuua watu 9.

Wamiliki hujibu kwa kutaja Virginia Tech, ambapo tarehe 16 Aprili 2007 mwanafunzi mmoja aliwaua watu 32 kwa bastola mbili zenye magazini za risasi 10 na 15. Alibeba magazini nyingi na kuzibadilisha bila kuzuiwa. Kamati iliyoundwa na gavana iliona kwamba kikomo cha risasi 10 kisingebadilisha sana matokeo. Tofauti ya visa hivi inaeleweka: Tucson palikuwa uwanja wa wazi wenye watu wazima karibu na mshambuliaji, Virginia Tech palikuwa vyumba vya madarasa, mwenye bunduki akisimama mlangoni. Mwaka 2019 Louis Klarevas na wenzake walichapisha utafiti uliokuta kwamba mashambulizi yenye vifo vingi yalitokea zaidi, na kuua watu wengi zaidi, katika majimbo yasiyo na kikomo. Wakosoaji wake husema matukio hayo, kwa bahati nzuri, ni machache mno kutoa jibu la hakika.

Jambo moja la pembeni hupenda kutajwa na watetezi: tangu 1935 sheria ya shirikisho inamkataza mwindaji wa bata na ndege wengine wahamaji kutumia bunduki inayoshika risasi zaidi ya tatu. Wamiliki hujibu kwamba bata hawavunji milango.

Mahakamani

Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua katika kesi ya Heller kwamba haki ya silaha ni ya mtu binafsi, na kwamba inalinda silaha zilizo katika matumizi ya kawaida. Mwaka 2022, katika kesi ya Bruen, iliongeza kwamba sheria ya silaha lazima ilingane na desturi ya kihistoria ya nchi hiyo. Mahakama hiyo haijaamua yenyewe kama kikomo cha magazini ni halali.

Kesi inayofuatiliwa zaidi ni Duncan dhidi ya Bonta, kuhusu Pendekezo la 63 la California. Jaji Roger Benitez alisimamisha katazo mwaka 2017 na kulifuta kabisa tarehe 29 Machi 2019. Kwa wiki moja, mpaka amri yake iliposimamishwa kusubiri rufaa, Wakalifornia waliruhusiwa kununua magazini kubwa, na wakaagiza kwa wingi sana. Wamiliki huiita "Wiki ya Uhuru". Mwaka 2020 majaji wa rufaa walikubaliana na Benitez, wakitaja kwamba takriban nusu ya magazini zote nchini hushika zaidi ya risasi 10. Mwaka 2021 jopo kubwa la mahakama hiyohiyo ya Kanda ya Tisa likageuza uamuzi. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ikairudisha kesi ifikiriwe upya baada ya Bruen. Benitez akafuta katazo tena Septemba 2023, na tarehe 20 Machi 2025 jopo kubwa, kwa majaji 7 dhidi ya 4, likalirejesha.

Wengi wa jopo walisema magazini kubwa si "silaha" kwa maana ya Katiba bali ni kifaa cha ziada, kwa kuwa bunduki hufanya kazi hata na magazini ndogo. Walilinganisha pia kikomo na sheria za zamani za kuhifadhi baruti. Jaji Lawrence VanDyke, aliyepinga, alitoa video akifungua bastola ofisini mwake kuonyesha kwamba kwa mantiki hiyo karibu kila sehemu ya bastola ingeweza kuitwa kifaa cha ziada. Wenzake walimkosoa kwa kujigeuza shahidi katika kesi aliyokuwa akiihukumu. Mei 2025 Mahakama Kuu ya Jimbo la Washington nayo iliidhinisha kikomo cha jimbo lake.

Nje ya Marekani

Nchi nyingine zina vikomo bila mvutano wa kiasi hicho. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990 Kanada huruhusu kwa kawaida risasi 5 katika bunduki ndefu nyingi za nusu-otomatiki na 10 katika bastola. New Zealand ilibadilisha sheria zake wiki chache baada ya mauaji ya misikiti ya Christchurch ya tarehe 15 Machi 2019, lakini serikali ilinunua silaha na vifaa vilivyokatazwa kutoka kwa wenye navyo.

Mwelekezo wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2017 unaweka ukomo wa risasi 20 kwa bastola na 10 kwa bunduki ndefu za nusu-otomatiki, pamoja na misamaha. Ucheki iliupinga mahakamani ikashindwa mwaka 2019. Uswisi, isiyo mwanachama wa Umoja huo lakini iliyo ndani ya eneo la Schengen, iliupeleka kwa wananchi. Vyama vya walenga shabaha vilidai desturi ya askari wa akiba kubaki na bunduki yake baada ya utumishi itakufa. Katika kura ya tarehe 19 Mei 2019 takriban asilimia 64 waliikubali sheria mpya, ambayo ilimwachia askari huyo bunduki yake.